Je, Wajua? Tone Moja Ziwani na Vidonge vya Homeopathi

Je, wajua kwamba homeopathi si mitishamba? Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kuanzia Musoma mjini hadi Suguti na Bunda. Mtu akisikia "tiba mbadala" anatia vyote kapu moja: mwarobaini uliochemshwa, chai ya Kichina, virutubisho vinavyouzwa kwenye simu, na vile vidonge vidogo vyeupe vyenye utamu. Mwarobaini una kemikali zake. Ukichemsha majani yake unakunywa kitu halisi, kichungu, kinachoweza kukufaa au kukudhuru. Kidonge cha homeopathi kwa kawaida ni sukari iliyonyunyiziwa maji au pombe ambamo dawa imekwisha kuzimuliwa mno. Mtu anaweza kukipenda kimoja na kukikataa kingine, ila asidhani anazungumzia kitu kimoja.

Je, wajua mwanzilishi wake alikuwa nani? Ni Samuel Hahnemann, daktari aliyezaliwa Meissen, Ujerumani, mwaka 1755 na kufia Paris mwaka 1843. Mwaka 1790 alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha daktari wa Scotland, William Cullen, akakuta maelezo kuhusu gome la mkwinini yasiyomridhisha. Akalinywa mwenyewe akiwa mzima wa afya. Miguu na vidole vikawa baridi, moyo ukaenda mbio, mwili ukatetemeka. Akaona dalili hizo zinafanana na za homa ya vipindi, yaani malaria, ile ile ambayo gome hilo lilikuwa likiitibu. Kutokana na hapo akajenga kanuni yake ya kwanza: kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo. Aliitangaza mwaka 1796, na mwaka 1810 akaipanga katika kitabu chake kikuu, Organon.

Kwa hiyo homeopathi ilizaliwa kutokana na dawa ya malaria. Sisi wa kanda ya ziwa tuna haki ya kuliangalia jambo hili kwa jicho kali.

Mkwinini wenyewe si mgeni kwetu. Wajerumani waliupanda Amani, milima ya Usambara, walikoanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na Bukavu huko Kongo kimekuwepo kwa miaka mingi kiwanda cha kutengeneza kwinini kutokana na magome hayo. Wazee wetu wanaikumbuka kwinini vizuri: uchungu wake, kizunguzungu, masikio kuvuma siku nzima. Lakini muulize yeyote aliyewahi kuimeza kimakosa akiwa hana malaria: alipata masikio kuvuma, hakupata malaria. Kwinini haileti ugonjwa huo. Inaua vimelea vyake ndani ya damu. Hahnemann hakuwa na namna ya kujua, maana kwinini ilitenganishwa kutoka kwenye gome mwaka 1820, kimelea cha malaria kikaonwa na Alphonse Laveran kule Algeria mwaka 1880, na Ronald Ross akathibitisha habari ya mbu mwaka 1897. Hahnemann alikuwa kaburini miaka 54. Kisichosameheka kirahisi ni sisi kuendelea kushikilia hitimisho lake ilhali haya yote yanajulikana.

Je, wajua kwamba kitunguu maji ni dawa ya homeopathi? Kinaitwa Allium cepa. Hoja ni hii: ukikata kitunguu macho yanatoka machozi na pua inachuruzika, basi kitamfaa mwenye mafua ya kuchuruzika. Nyuki naye yumo, kwa jina la Apis mellifica, kwa ajili ya uvimbe unaochoma kama aliyeumwa na nyuki. Chumvi ya mezani imo: Natrum muriaticum. Sumu ya nyoka, aseniki, mkaa, dhahabu, vyote vimo. Majina ya Kilatini kwenye lebo yasikutishe, wala yasikupe heshima isiyostahili.

Je, wajua maana ya herufi na namba kwenye lebo, mathalani 30C? Hii ndiyo kanuni ya pili, nayo ndiyo isiyoeleweka kuliko zote. Chukua tone moja la dawa, litie katika matone 99 ya maji au pombe. Hiyo ni 1C. Chota tone moja la mchanganyiko huo, litie katika matone 99 mengine mapya. Hiyo ni 2C. Endelea hivyo hadi mara 30. Msikilizaji wa haraka hudhani ni kama kuongeza maji mara thelathini tu. Sivyo. Kila hatua inazidisha kwa mia, kwa hiyo 3C tayari ni sehemu moja katika milioni, na 6C ni sehemu moja katika trilioni.

Simama ufukweni Kusenyi utazame mbele. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji yake ni kama kilomita za ujazo 2,750. Mililita moja ya maji ni matone yapatayo 20. Piga hesabu: ziwa zima, kutoka Musoma hadi Bukoba, kutoka Kisumu hadi Jinja, ni matone kama 55 yakifuatwa na sifuri 18. Sasa dondosha tone moja la dawa hapo Kusenyi, na tuseme limekorogeka likaenea sawasawa hadi pwani zote za nchi tatu. Maji utakayochota Entebbe bado yatakuwa na dawa nyingi kuliko mchanganyiko wa 10C. Ziwa lote, tone moja, na hujafika hata 10C! Ukitaka tone hilo lifike 30C, ziwa halitoshi, bahari zote hazitoshi, na hata dunia nzima ingegeuzwa maji, milima yake na miamba yake, bado isingetosha. 30C ni sehemu moja katika 1 yenye sifuri 60 nyuma yake.

Kuna mpaka ambao kemia yenyewe inauweka. Maada imeundwa kwa molekuli, nazo zina idadi. Ukizimua dawa kwa namna hii, mahali fulani karibu na 12C unapita mpaka ambapo hutarajii tena kukuta hata molekuli moja ya kile ulichoanza nacho. Dawa maarufu ya mafua inayouzwa sana Ufaransa, Oscillococcinum, hutengenezwa kwa ini na moyo wa bata na huzimuliwa mara 200. Hakuna bata humo. Kuna sukari.

Je, wajua kwamba kwa watabibu wa homeopathi 30C ni "kali" kuliko 6C? Wasiojua hudhani namba kubwa ni dozi kubwa, kama miligramu. Ni kinyume chake: namba ikipanda, dawa imepungua zaidi, na wao wanaamini nguvu imeongezeka. Wanasema nguvu hiyo hutokana na kuitikisa na kuigonga chupa kila hatua. Hahnemann alikuwa akiigonga kwenye ubao uliofunikwa ngozi.

Wafuasi wa leo wanasema maji yana kumbukumbu. Mwaka 1988 Mfaransa Jacques Benveniste alichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonekana kuunga mkono wazo hilo. Mhariri wa jarida, John Maddox, akaenda maabara kwake pamoja na mchunguzi Walter Stewart na mwanamazingaombwe James Randi, jaribio likarudiwa huku wapimaji wakifichwa ni chupa ipi ina nini. Matokeo yakayeyuka. Na mimi huuliza swali dogo la mtu wa ziwani: kama maji yanakumbuka, mbona yakumbuke kitunguu tu na kusahau samaki, mifereji ya mji, mbolea za shambani na vyote yalivyopitia?

Je, wajua kwamba si kila dawa ya homeopathi ni tupu? Hili ni kosa la upande wa pili, la wanaosema "haina kitu, haidhuru kamwe". Zile za namba ndogo zinaweza kubeba kitu halisi, na baadhi zinaanzia kwenye sumu. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilionya mwaka 2016 kuhusu vidonge vya homeopathi vya watoto wanaoota meno, na mapema mwaka 2017 ikatangaza kwamba maabara ilikuta humo kiasi cha belladonna kisicholingana na kilichoandikwa. Belladonna ni mmea wa sumu. Walioteseka ni watoto wachanga.

Je, wajua kwamba chanjo si homeopathi? Hoja hii hutolewa kwa ufasaha sana na huwavuta hata wasomi: "Chanjo nayo ni kumpa mtu kidogo cha kile kinachomuumiza, basi ni kitu kimoja." Hapana. Chanjo ya surua ina virusi vilivyodhoofishwa, vinavyoweza kuhesabiwa, na baada ya kuchanjwa damu ya mtoto inaonyesha askari wa kinga wanaopimika. Tena chanjo hutolewa kwa mtoto mwenye afya ili asiugue, wala haimtibu aliyekwisha kuugua. Kuna wanaouza vidonge vya homeopathi kama mbadala wa chanjo. Mama anayevikubali anamwacha mwanawe wazi mbele ya surua.

Sasa nifike kwenye dai ninaloliona zito kuliko yote, maana linasikika vizuri sana mdomoni: kwamba hospitali inatuliza dalili, homeopathi inatibu chanzo. Ukisoma mafundisho ya Hahnemann utakuta mambo yamegeuzwa. Yeye alifundisha kwamba daktari hana cha kushika isipokuwa jumla ya dalili: mgonjwa anasikia nini, saa ngapi, akilala upande gani, anatamani chakula gani. Dawa huchaguliwa kwa kulinganisha dalili hizo na orodha ya dalili zilizoandikwa na watu wenye afya waliojaribu dawa. Kimelea hakitafutwi.

Linganisha na kinachofanyika zahanati. Mhudumu anamchoma mtoto kidoleni, anachukua tone la damu, analiweka kwenye kile kipimo cha haraka cha plastiki, anaongeza matone ya maji yake maalumu, mnasubiri kama dakika 15 hadi 20. Mstari ukitokea penye C peke yake, kipimo kimefanya kazi na malaria haijaonekana. Ukitokea mwingine penye T, protini ya kimelea imenaswa damuni. Huo ndio utafutaji wa chanzo. Na kwa watu wa Mara una maana kubwa, kwa sababu huku "homa" ni jina la mambo mengi: malaria, nimonia, homa ya matumbo, homa inayotokana na mifugo na maziwa mabichi. Mwili unachemka vilevile, kichwa kinauma vilevile. Anayechagua dawa kwa kutazama dalili peke yake atachanganya magonjwa manne.

Je, wajua kwamba Hahnemann alistahili heshima fulani? Nasema hivi kwa dhati. Madaktari wa zama zake walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu kwa mabakuli, wakiwapa zebaki na dawa za kuwatapisha. Yeye alilikataa hilo, akasisitiza chakula kizuri, usafi, mapumziko, na kwamba dawa ijaribiwe kwa binadamu kabla ya kusifiwa. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoikumba London, hospitali ya homeopathi ya mji huo ilipoteza wagonjwa wachache kuliko hospitali nyingine. Wafuasi wanalitaja jambo hilo hadi leo. Maelezo yake ni mepesi na ya kusikitisha: mgonjwa wa kipindupindu anakufa kwa kuishiwa maji mwilini, na huko kwingine walimtoa damu na kumharisha zaidi. Asiyeguswa na dawa za wakati ule alikuwa na nafasi bora. Leo dawa ni maji ya chumvi na sukari ya kunywa, na dripu kwa aliyezidiwa. Ulinganisho ule wa 1854 umekwisha kazi.

Je, wajua majaribio yanasemaje? Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern waliolinganisha majaribio 110 ya homeopathi na 110 ya dawa za kawaida. Walipobakiza yale makubwa na yaliyofanywa kwa umakini, homeopathi haikutofautika na kidonge kisicho na dawa. Kamati ya Bunge la Uingereza ikafikia hitimisho la namna hiyo mwaka 2010. Baraza la utafiti wa afya la Australia, mwaka 2015, likasema halikupata ugonjwa hata mmoja ambao una ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inautibu. Ufaransa, nchi iliyoipenda sana, iliacha kuilipia kwenye bima ya umma kuanzia Januari 2021. India bado inaifundisha vyuoni na kuisimamia kiserikali, na wingi wa watumiaji huko hutajwa kama ushahidi. Wingi wa watu hauponyi.

Mbona basi wapo wanaopona? Wapo, na si waongo. Mafua huisha yenyewe. Maumivu ya mgongo huja na kuondoka, na mtu hutafuta dawa siku yalipokuwa makali zaidi, kwa hiyo siku zinazofuata zina kila sababu ya kuwa nafuu. Halafu kuna kusikilizwa. Mtabibu wa homeopathi anaweza kukaa na mgonjwa saa nzima akimuuliza habari za usingizi wake, hofu zake, ndoa yake. Mgonjwa aliyepanga foleni tangu alfajiri akaonwa dakika tatu anaujua uzito wa saa hiyo. Hapo hospitali zetu zina deni, na sitalifunika.

Je, wajua kwamba homeopathi imeshauzwa hata kama kinga ya malaria? Mwaka 2006 kipindi cha Newsnight cha BBC kilieleza habari ya msafiri wa uongo aliyewaendea watoa huduma 10 wa homeopathi Uingereza, akisema anakwenda Afrika. Wote 10 walimshauri atumie vidonge vyao. Jambo hili linawagusa ndugu zetu walio Ulaya, maana Mjita au Mkwaya aliyekaa London miaka mingi amekwisha kupoteza kinga aliyokuwa nayo utotoni. Akija likizo Desemba na kidonge cha sukari mfukoni, mbu wa Suguti hatamtambua kama mwenyeji. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba halipendekezi homeopathi kwa VVU, kifua kikuu, malaria, mafua makali ya influenza wala kuharisha kwa watoto wachanga. Soma tena orodha hiyo. Ni orodha ya magonjwa yetu.

Je, wajua kwamba ipo Afrika Mashariki tayari? Nairobi kuna taasisi ya Abha Light yenye kliniki zake. Mkoani Kilimanjaro, Jeremy Sherr na mkewe Camilla walianzisha shirika la Homeopathy for Health in Africa, linalowahudumia hata watu wanaoishi na VVU. Anayewaendea asiache ARV hata siku moja. Hizo ndizo zinazovizuia virusi, na hapa nchini zimekuwa zikitolewa bure tangu 2004.

Kuna sheria pia. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalowasajili watoa huduma hizi. Lakini usajili una maana mtu anajulikana na anaweza kuwajibishwa. Hauna maana kwamba dawa yake imethibitishwa kuponya. Cheti ukutani kisikufumbe macho.

Na kikombe cha Loliondo? Wengi huniuliza. Kile cha mwaka 2011, kijijini Samunge, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, kilikuwa dawa ya mizizi ya mugariga iliyochemshwa pamoja na imani. Si homeopathi. Vinafanana kwa jambo moja tu, nalo ndilo linaloniuma: wapo walioacha dawa zao kwa ajili yavyo. Na huko Loliondo wapo hata waliofia foleni.

Je, wajua kwamba mtishamba ukipimwa kwa haki hushinda? Tu Youyou wa China alichukua mmea uliotajwa katika vitabu vya kale vya tiba za kwao, akautafutia kiini chake miaka ya mwanzo ya 1970, akakijaribu, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Jamaa ya kiini hicho ndiyo iliyo ndani ya dawa mseto tunayopewa zahanati. Tazama boksi lake: 20/120, yaani miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine katika kila kidonge. Unaweza kuzipima. Hakuna aliyeupendelea mmea ule kwa kuwa ni wa asili au kuudharau kwa kuwa ni wa kijijini. Ulipimwa. Waganga wetu wa Mara wenye ujuzi wa miti wanastahili kutendewa hivyo hivyo.

Neno langu kwa mzazi wa Wanyere, Chirorwe, Kusenyi au Suguti ni moja. Mtoto akichemka mwili, apimwe siku hiyo hiyo, asingojee kesho. Akipata degedege, akitapika kila anachopewa, akishindwa kunyonya au akilegea asiamke vizuri, usimpe kidonge cha mtu yeyote njiani, mkimbize hospitali. Akipewa mseto, ni dozi sita ndani ya siku tatu, amalize zote hata kama amekwisha kucheza. Na mtu akikuletea chupa akakwambia ni dawa, muulize kwanza: ndani mna nini, kiasi gani?